Kiuno Kikikuuma na Mimba Ingali Changa

Mjukuu wangu, mimba ya wiki sita haionekani kwa macho ya watu, lakini mwili wako umeshaijua. Wengine hujulishwa na kichefuchefu, wengine na usingizi usiokwisha, na wengine, kama wewe, huanza kwa kuumwa. Kiuno kinakuwa kizito, mapaja yanachoka kabla ya saa nne asubuhi, nyonga zinauma ukigeuka kitandani. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga hapa Tanga mpaka nikastaafu, na kabla ya hapo nililelewa na wanawake waliokuwa masomo, yaani makungwi, na wakunga wa mtaa. Ninayokuambia yametoka pande zote mbili, na yanaanzia hapa: maumivu yenyewe, mara nyingi, si hatari. Hatari iko katika haraka ya kuyanyamazisha kabla hujamwambia mtu kwamba una mimba.

Desturi yetu ya pwani ni kuificha mimba changa. Mama hajivuni nayo, hataji, hanunui nguo za mtoto, mpaka tumbo liseme lenyewe. Watu wanaogopa kijicho, na wanaogopa pia kwamba mimba ikitoka, mama atabaki na msiba wake pamoja na maswali ya mtaa mzima. Desturi hiyo siipingi, ina huruma ndani yake. Wafiche majirani, wafiche mawifi, wafiche wenzako wa kazini mpaka utakapotaka mwenyewe. Lakini wako watu watatu wasiofichwa mimba hata ikiwa ya siku chache: anayekuuzia dawa, anayekuchoma sindano, na mkunga wa kliniki. Nimeona wasichana wanaingia Duka la Dawa Muhimu, wananong'ona "nipe dawa ya mgongo", wanapewa tembe nne ndani ya bahasha ndogo isiyo na jina, na wanaondoka. Muuzaji hakuuliza, na msichana hakusema. Kila mmoja anaona amefanya adabu.

Kwa nini ninakazania miezi hii ya mwanzo? Kwa sababu ndiyo miezi ambayo mtoto anaumbwa. Kuanzia kama wiki ya tano hadi ya kumi, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ndipo moyo, uti wa mgongo, mikono, miguu na uso vinapopata umbo. Wakati huo mama wengi hawajaenda kliniki, na wengine bado wanadhani wamechelewa siku tu. Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu mkubwa. Mwaka 1957 kampuni moja ya Ujerumani Magharibi, Chemie Grünenthal, ilianza kuuza dawa iitwayo thalidomaidi. Ilisifiwa kuwa salama kabisa, ikauzwa hata bila cheti cha daktari, na wajawazito wakainywa kwa ajili ya kichefuchefu na kukosa usingizi. Ilipoondolewa sokoni Ujerumani, Novemba 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa wakiwa na mikono mifupi mno au bila mikono kabisa. Siku za hatari zilikuwa chache sana, zote ndani ya zile wiki ambazo mimba haijaonekana. Sikutajii hayo ili uogope kila kidonge. Ninayataja ili ujue kwamba mjamzito hapimi dawa kwa sifa za dukani.

Basi, kabla ya dawa, tuuelewe mwili. Mimba ikitunga, homoni mbili huongezeka sana kwenye damu: projesteroni na relaksini. Kazi yake mojawapo ni kulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, ili baadaye mtoto apate njia. Ulegevu huo huanza mapema, tumbo likiwa bado bapa. Kano zikilegea, misuli ya kiuno na mapaja ndiyo inayobeba kazi ya kukushikilia usimame, na misuli iliyofanyishwa kazi ya wengine lazima iume. Ongeza kutapika: mwanamke anayetapika mara kwa mara huumwa mbavu na misuli ya tumbo kama aliyelima shamba zima. Ongeza upungufu wa maji na chakula unaotokana na huko kutapika, nao huleta mkakamao wa kigimbi usiku, ule wa kukurusha kitandani. Na kama ulikuwa na mgongo mbovu hata kabla ya mimba, sasa utausikia zaidi. Haya yote ni maumivu ya kawaida. Huja na kuondoka, huongezeka ukifanya kazi, hupungua ukipumzika, na hayaambatani na homa wala damu.

Dawa ya kwanza ya maumivu ya aina hii iko jikoni na uani, katika namna unavyofanya kazi zako. Nitakaa hapa kidogo, kwa maana wataalamu wengi wanasema "pumzika" na kuondoka, na mwanamke wa kwetu anabaki akijiuliza nani atakuna nazi.

Tazama mbuzi ya kukunia. Ni fupi, unaikalia magoti yakiwa juu, mgongo umepinda, na mikono inasukuma mbele kwa nguvu. Nusu saa ya hivyo, kiuno kilicholegea hakitakusamehe. Kuna mbuzi za kufunga mezani zenye mkono wa kuzungusha. Kama mumeo anauliza akuletee nini, mwambie hiyo. Kama haipatikani, mwingine akune, au kuna kidogo kidogo huku ukisimama na kujinyoosha. Fagio la chelewa nalo linakuinamisha mpaka chini: lifungie mpini mrefu wa mti, ni kazi ya dakika tano. Beseni la kufulia liweke juu ya kigoda au meza ya chini, usifue ukiwa umekunja kiuno kama tulivyozoea. Shambani, jembe la mpini mrefu, na mapumziko ya kweli kivulini.

Ndoo ya maji ndiyo kubwa kuliko yote. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji. Kuijaza, kuinyanyua kutoka chini na kuitua ndiko kunakoumiza zaidi, kuliko hata kutembea nayo. Beba nusu, nenda mara mbili. Ukinyanyua kitu, chuchumaa, kikumbatie karibu na kifua, inuka kwa nguvu ya mapaja. Usiiname kwa kiuno miguu ikiwa imenyooka, na usijizungushe mwili ukiwa na mzigo mkononi. Mtoto wako mkubwa wa miaka mitatu anayelilia kubebwa, kaa chini akupandie mapajani. Kwenye bodaboda ya njia mbovu, mwambie dereva apunguze mwendo, au teremka utembee kipande kibaya.

Wala usije ukalala kitandani mchana kutwa ukidhani ndiyo tiba. Misuli isiyotumika hukakamaa na kuuma zaidi, na damu isiyotembezwa huwa na tabia ya kuganda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu afanye mazoezi ya wastani kwa jumla ya angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea jioni, upepo wa bahari ukianza kuvuma, kunatosha. Ongeza zoezi moja la mgongo: piga magoti, weka viganja chini, uviringishe mgongo juu taratibu huku ukitoa pumzi, kisha uurudishe uwe sawa bila kuubonyeza chini. Mara nane au kumi asubuhi na jioni. Kigimbi kikikamatwa usiku, nyoosha mguu na uvute vidole kuelekea kwako, usivielekeze chini. Wakati wa kulala, kunja kanga mbili uziweke katikati ya magoti ukiwa umelala ubavu; nyonga zitakushukuru. Kwa miezi hii ya mwanzo lala ubavu wowote unaokupa raha.

Kula nako kumo. Maji ya kutosha, hata kwa funda ndogo ndogo kama moyo unachafuka. Dagaa pamoja na mifupa yake, mchicha, kunde, maharage, mayai, ndizi. Vidonge vya madini ya chuma na foliki utakavyopewa kliniki usiviache kabatini: foliki ya mikrogramu 400 kila siku katika wiki hizi za mwanzo ni kinga ya uti wa mgongo wa mtoto, na chuma kinapigana na upungufu wa damu, ambao nao huleta uchovu na maumivu ya miguu. Ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni, uache. Huzuia chuma kufyonzwa, na huweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo.

Joto linasaidia sana misuli, ila lina mpaka. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, ukaiweka kiunoni au begani kwa dakika kumi na tano, ni salama. Usiiweke tumboni na usilale nayo. Kuoga maji ya vuguvugu ni vizuri. Lakini nyungu hapana. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kujifukiza kulirudi majumbani kwa nguvu, na wengi wameendelea kujifunika blanketi juu ya sufuria ya majani yanayochemka kila wanapoumwa viungo. Mwenye mimba changa asifanye hivyo. Joto la ndani ya mwili likipanda na kukaa kwenye nyuzi 39 au zaidi katika wiki za mwanzo, huongeza uwezekano wa mtoto kupata kasoro ya uti wa mgongo na ubongo. Ndiyo sababu pia homa ya mjamzito haiachwi hivi hivi.

Sasa kuchuliwa. Bibi zetu walikuwa na mikono ya ajabu, na sitaki desturi hiyo ife. Mabega, shingo, mgongo wa juu, nyayo: vichuliwe polepole kwa mafuta ya nazi, ukiwa umekaa au umelala ubavu, na mkono usitie nguvu. Tumbo lisiguswe. Kukandwa tumbo "ili mimba ikae sawa" au "kumrudisha mtoto" hakuna faida, na madhara yake nimeyaona. Kisha angalia kinachotumika kuchulia. Dawa nyingi za kuchua zenye harufu kali na kuwasha zina salisileti, ambayo ni ndugu wa aspirini, na nyingine zina diklofenaki. Ngozi huzipitisha mpaka kwenye damu, hasa ukipaka sehemu kubwa ya mwili na kujifunika. Soma kibandiko au mwonyeshe mfamasia. Mafuta ya nazi hayana haja ya kusomwa.

Ukifika mahali maumivu yanakunyima usingizi au yanakuzuia kufanya kazi, dawa ya kumeza ipo. Nayo ni parasetamoli, peke yake, bila kuchanganywa na kitu. Tembe ya kawaida ina miligramu 500. Anza na moja, isipotosha, mbili. Pisha saa sita kabla ya kurudia, au nne kwa uchache, na usizidishe tembe nane ndani ya saa 24 kwa namna yoyote. Mwenye mwili mdogo wa chini ya kilo 50, au mwenye ugonjwa wa ini, aulize kiasi chake kwanza. Kanuni ya wakunga ni kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache zinazotosha. Zikipita siku mbili tatu unaihitaji bado, hiyo si kazi ya tembe tena, nenda ukaonwe.

Septemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimama hadharani akawaambia wajawazito waepuke parasetamoli, kwamba inahusika na usonji wa watoto. Maneno yale yalifika mpaka kwetu kwa simu, na akina mama wakaniletea hofu yao. Shirika la Afya Duniani lilijibu siku chache hizo hizo kwamba hakuna ushahidi thabiti wa uhusiano huo. Na kulikuwa tayari na utafiti mkubwa wa Sweden uliotolewa mwaka 2024, uliofuatilia watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Walipolinganisha ndugu wa mama mmoja, mmoja aliyezaliwa baada ya mama kutumia dawa hiyo na mwingine ambaye mama hakuitumia, hawakuona tofauti ya usonji. Homa kali isiyoteremshwa ina madhara yanayojulikana. Kwa hiyo usinywe parasetamoli kwa mazoea, wala usiikatae kwa woga.

Shida ni kwamba ukiomba "dawa ya maumivu" dukani, mara nyingi hupewi parasetamoli tupu. Unapewa tembe ya mchanganyiko, parasetamoli na diklofenaki katika kidonge kimoja, au parasetamoli na aspirini na kafeini, au pamoja na dawa ya kulegeza misuli. Geuza pakiti. Hata Panadol si moja: ile iitwayo Extra imeongezwa kafeini. Ukiuziwa tembe bila pakiti, omba kuiona pakiti zilimotoka, au usinunue.

Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, na aspirini ya kiasi cha kutuliza maumivu ni ukoo mmoja. Katika miezi ya mwanzo baadhi ya tafiti zimezihusisha na mimba kuharibika. Baadaye mambo yako wazi zaidi: Oktoba 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na mimba ikikua zaidi zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa muhimu wa damu ulio karibu na moyo wa mtoto. Usizimeze bila daktari kukuandikia huku akijua una mimba. Na hapa ndipo sindano inapoingia. Katika zahanati nyingi, mtu akilalamika mgongo, sindano ya diklofenaki ndiyo mkono wa kwanza. Kabla hujageuka kuchomwa, sema kwa sauti inayosikika: nina mimba, au, siku zangu zimepitiliza. Hakuna aibu katika sentensi hiyo. Ila kama daktari amekuandikia aspirini ya kiasi kidogo kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, hiyo ni habari nyingine, usiiache kwa sababu ya maneno yangu.

Usiguse kabisa dawa za wazee. Katika kopo la babu mwenye baridi yabisi huenda mna tembe inayochanganya diklofenaki na misoprosto, na misoprosto hubana mfuko wa uzazi na kutoa mimba. Tramadoli inayouzwa kichochoroni ni ya jamii ya afyuni, hujenga utegemezi kwa mama na mtoto pia. Na katika miti shamba, shubiri na mwarobaini vya kunywa si vya mwenye mimba, wala mizizi ya unga ambayo muuzaji wake hakuambii ni mti gani. Chai ya tangawizi kunywa, inatuliza kichefuchefu.

Labda unanisikiliza huku moyo unakudunda, kwa sababu wiki mbili zilizopita, kabla hujajua, ulimeza ibuprofeni au ulichomwa ile sindano. Tulia. Wanawake wengi mno wamefanya hivyo na wakajifungua salama, na dozi chache kabla ya kujua si sababu ya kuitoa mimba wala ya kukosa usingizi. Acha sasa, andika jina la dawa na siku uliyoitumia, umwambie mkunga.

Kuna maumivu yanayojifanya ya misuli na si ya misuli, na hapa ninakuomba unisikilize kuliko mahali pengine pote.

La kwanza ni malaria. Kwetu huku, mwili mzima kuuma na viungo kuchoka ni malaria mpaka kipimo kikatae. Mimba hupunguza kinga dhidi yake, na malaria huua mama na huangusha mimba. Parasetamoli itashusha homa na kukudanganya kwamba umepona, vimelea vikiwa vinaendelea na kazi. Pima damu siku hiyo hiyo. Zamani tuliogopa kuwapa dawa mseto wenye mimba ya chini ya miezi mitatu, tukawapa kwinini yenye kizunguzungu na kelele masikioni. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto wa artemeta na lumefantrini hata kwa miezi hiyo ya mwanzo, kwa hiyo tiba ipo na haina haja ya kuahirishwa. Zile tembe za SP za kukinga malaria, hizo zinangoja mpaka wiki ya 13. Chandarua hakingoji.

Mgongo unaouma upande mmoja, chini ya mbavu, pamoja na homa, kutetemeka au mkojo unaochoma, ni maambukizi yaliyopanda kwenye figo. Hakuna kuchua hapo. Ni antibiotiki, na aghalabu kulazwa.

Kigimbi kimoja kinachouma, kikavimba kuliko mwenzake, kikawa na joto, aghalabu cha mguu wa kushoto: usikichue hata kidogo. Mimba huifanya damu iwe rahisi kuganda tangu wiki za mwanzo, na mama aliyelala siku nyingi kwa kutapika yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Bonge la damu likitikiswa linaweza kusafiri hadi mapafuni. Ukiona mguu wa namna hiyo, au ghafla unakosa pumzi na kifua kinachoma, ni hospitali sasa hivi. Na wewe mwenye seli mundu, maumivu ya mifupa na misuli katika mimba usiyatibu nyumbani. Mimba yako inataka daktari tangu siku ya kwanza, na dawa zako za kila siku anatakiwa azipitie moja moja.

Kisha kuna mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Kati ya mimba 100, moja au mbili huwa hivyo, nyingi zikiwa zimekwama kwenye mrija. Mrija hauna nafasi. Kati ya wiki ya sita na ya kumi hivi unaweza kupasuka, na damu ikamwagikia tumboni bila kuonekana nje. Dalili zake ni maumivu chini ya tumbo, mara nyingi upande mmoja, matone ya damu, kizunguzungu, kuzimia. Lakini iko dalili moja ambayo wengi hawaijui: maumivu ya ncha ya bega, yanayozidi ukilala. Damu iliyomwagika hufika chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa hapo huyapeleka maumivu begani. Mama anasema bega limekaza, labda nililala vibaya. Anapakwa dawa ya kuchua. Huku tumboni damu inaisha.

Na huku kwetu kuna neno linalofunika yote hayo: chango. Maumivu ya chini ya tumbo yakija, watu wazima wanasema ni chango, analetewa mzizi achemshe, anakandwa. Nimepokea wanawake walioletwa wakiwa na viganja vyeupe na mapigo ya moyo yasiyohesabika, baada ya siku tatu za dawa ya chango. Baadhi tuliwawahi kwenye upasuaji, baadhi hatukuwawahi. Ninyi mama wakwe, na mashangazi, na masomo wenzangu, ninawasemesha kwa heshima: mwenye mimba changa akiumwa chini ya tumbo, msimpe jina la ugonjwa. Mpelekeni hospitali akapigwe picha ya mawimbi ya sauti. Ikiwa ni misuli tu, atarudi nyumbani jioni hiyo na mzizi wenu utakuwa hapo hapo.

Na wewe mume wa mjukuu wangu, sehemu yako si ya maneno mengi. Beba ndoo. Weka nauli ya hospitali mahali ambapo haitumiki kwa jambo jingine, na mwenye gari au bajaji anayekubali kuamshwa usiku mjue jina na namba yake kuanzia leo. Mkeo akikuambia anaumwa bega na anaona kiza, usimwambie asubiri asubuhi.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito aonane na mhudumu angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Wengi wetu tunaenda tumbo likiwa la miezi mitano, tukisema ni mapema mno kwenda, watu watatuona. Lakini maumivu unayoyauliza ni ya wiki ya sita, ya nane, ya kumi. Ukingoja tumbo litokeze, muda wa nasaha hizi utakuwa umekwisha pita.

Kwa hiyo, kama hujaziona siku zako na kiuno kinakuuma, kesho asubuhi usianzie duka la dawa. Nenda kituo cha afya, upime mkojo, upime damu, umpe mkunga tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Mkobani weka kila pakiti, kila chupa na kila mzizi uliotumia mwezi huu, hata ule uliopewa na mimi, umwonyeshe vyote.